Ukimwondoa Dalali, Nani Atabeba Viazi?

Januari 2022 migahawa ya KFC nchini Kenya iliishiwa chipsi. Shehena ilikuwa imechelewa baharini, wateja wakaombwa wachague kitu kingine cha kulia kuku wao, na ndipo wengi walipojua kwamba viazi walivyokuwa wakila pale vilitoka nje ya nchi, Misri ikitajwa. Ghadhabu ililipuka. Kutoka Nairobi hadi Kinangop ni mwendo wa saa chache kwa gari, na huko Kinangop, kama kwingine katika kaunti ya Nyandarua, kuna misimu ambapo viazi huoza kwa kukosa mnunuzi. Kampuni ilieleza kwamba kila anayeiuzia chakula lazima kwanza apite kwenye ukaguzi wa ubora unaotumika katika matawi yake duniani kote, na maelezo hayo yakachochea moto badala ya kuuzima. Mjadala ulipotulia, ulitua kwenye jibu ambalo kwa miaka mingi limekuwa kama kanuni ya imani kwa wanasiasa, wafadhili, watengenezaji wa programu za simu na wahariri: tatizo ni dalali. Mkulima yupo, mlaji yupo, katikati amekaa mtu anayewanyonya wote wawili. Mwondoe huyo, mkutanishe mkulima na mnunuzi ana kwa ana, na chakula cha nyumbani kitauzika chenyewe. Naliona jibu hilo kuwa la makosa, na kosa lake lina gharama, kwa sababu limetupotezea miaka ambayo ingetumika kurekebisha mambo yanayorekebishika.

Tuanze na kazi yenyewe, maana wanaomlaani dalali ni nadra kusema anafanya nini. Mkulima wa kawaida wa Nyandarua ana ekari moja au mbili za viazi, na mavuno yake hayajazi lori. Dalali wa kijijini, ambaye mara nyingi ni jirani aliyezaliwa papo hapo, hupita akijua shamba la nani limefikisha miezi mitatu na la nani bado. Hupatana bei na huyu na yule. Huleta vijana wa kuchimba na wa kubeba, huleta magunia, nyuzi na sindano, na huhakikisha kwamba kufikia alasiri viazi vya mashamba kumi viko kando ya barabara moja. Mvua ikiwa imenyesha lori halifiki shambani, hivyo magunia huvushwa matopeni kwa trekta au kwa mkokoteni wa punda, na gharama hiyo lazima mtu aitoe mfukoni kabla hata kiazi kimoja hakijauzwa. Njiani kuna ushuru wa kaunti. Usiku lori linashuka Nairobi, na kabla ya mapambazuko linapakuliwa katika soko la Marikiti, ambako dalali wa pili anajua kibanda gani cha chipsi kinataka viazi vikubwa, hoteli gani inalipa taslimu, na mama mboga gani huchukua kwa mkopo hadi jioni. Lori likiharibika Naivasha, au malori thelathini yakifika asubuhi moja na bei ikaporomoka, hasara huanzia kwa watu hawa.

Kukusanya, kuchambua, kusafirisha, kukopesha na kuvumilia hasara ni kazi ambazo zitabaki pale pale hata kama madalali wote watafukuzwa kesho asubuhi. Lazima azifanye mtu, na mtu huyo lazima alipwe. Mjadala wetu ungekuwa na faida kama ungeuliza nani anazifanya, kwa kipimo gani, na kwa masharti ya nani.

Kuna jambo jingine linalosahaulika katika kelele hizi. Ile Januari ambayo KFC haikuwa na chipsi, vibanda vya mitaani viliendelea kukaanga viazi vya Nyandarua, Meru na Molo kama kawaida. Nyanya, kabichi, sukuma wiki na vitunguu vinavyoliwa Nairobi kila siku vinatoka kwa wakulima wa kanda hii, vingine vikivuka mpaka kutoka Tanzania. Mtandao mkubwa kuliko wote wa chakula cha nyumbani katika Afrika Mashariki ni huu wa madalali, wenye malori, wachuuzi na akina mama mboga. Ulijijenga wenyewe, bila semina wala ruzuku. Anayetaka kuhimiza chakula kinacholimwa karibu na kumbe anapanga kuubomoa mtandao huo anapaswa kutuambia mapema atakachoweka mahali pake siku ya kwanza, si baada ya mradi wa miaka mitatu.

Kwa nini basi mtandao huo haukuweza kumlisha mnunuzi mkubwa? Hapa uzalendo hausaidii. Inabidi tukitazame kiazi chenyewe. Kiwanda kinachotengeneza chipsi za kugandisha kinataka kiazi kirefu kiasi, chenye macho ya juu juu ili kisipoteze nyama wakati wa kumenywa, chenye unga mwingi na maji machache, na chenye sukari kidogo mno. Sukari ikizidi, chipsi hugeuka kahawia zinapoingia kwenye mafuta na ladha yake huwa chungu. Kiazi kinachotawala mashamba ya Kenya ni Shangi. Wakulima hawakukosea kukichagua: hukomaa upesi, huzaa vizuri, na huiva haraka sufuriani, jambo lenye uzito kwa mama anayenunua makaa ya siku kwa siku. Lakini macho yake yamezama, na kikishavunwa hakikai; wiki chache tu kinachipua. Ukikitia kwenye ubaridi mkali ili kisichipue, wanga wake hugeuka sukari na tunarudi kwenye chipsi za kahawia. Aina zinazofaa kiwandani, kama Markies na ile ya zamani Dutch Robijn, zipo nchini. Kinachokosekana ni mbegu safi ya kutosha. Kituo cha utafiti cha Tigoni na mashamba ya mbegu ya Molo yanafanya kazi ya maana, lakini sehemu kubwa ya wakulima bado hupanda viazi walivyobakiza msimu uliopita au walivyonunua sokoni, na pamoja navyo hupanda mnyauko wa bakteria. Ndiyo maana wastani wa mavuno ya nchi hauvuki tani 10 kwa hekta, ilhali shamba lenye mbegu iliyothibitishwa na matunzo mazuri huweza kutoa 30 na zaidi. Mwondoe dalali leo, na keshokutwa mnunuzi mkubwa atakuja mwenyewe shambani, atakikata kiazi, atakikaanga, ataiona ile rangi, na ataagiza tena kutoka Misri.

Hayo hayamtakasi dalali. Upo wizi, na mahali pake pa wazi kabisa ni kwenye gunia. Gunia hujazwa hadi mdomoni, kisha hushonewa wavu juu yake, na viazi vikaendelea kurundikwa hadi likasimama kama mtu aliyejifunga kilemba. Wakenya wanaliita la mukurino, Watanzania wanaliita lumbesa. Bei hutajwa kwa gunia, si kwa kilo, na humo ndimo jasho la mkulima linamopotelea. Tuchukue mfano wa hesabu nyepesi: gunia la kilo 50 likinunuliwa kwa shilingi 3,000, kilo moja imelipwa shilingi 60, gunia hilo likivimba hadi kilo 150 na bei ikabaki ile ile, kilo moja imelipwa shilingi 20. Kanuni za viazi za mwaka 2019 nchini Kenya ziliweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia. Tanzania nayo imeipiga vita lumbesa kwa miaka mingi kupitia Wakala wa Vipimo. Bado magunia ya vilemba yanapanda malori mchana kweupe.

Kwa nini mkulima anakubali? Si kwa ujinga. Hesabu hiyo anaijua kuliko mtunga sera yeyote. Anakubali kwa sababu kiazi chake kinachipua, ada ya shule inadaiwa, hana ghala, hana mizani, na aliyesimama mbele yake na fedha mkononi ni mmoja. Nguvu ya dalali imetoka kwenye upungufu huo. Yeyote atakayekaa kwenye nafasi yake huku upungufu ukiwa vile vile, awe kijana mwenye programu ya simu, awe ofisa wa serikali, awe mwenyekiti wa ushirika, atakuwa na nguvu ile ile na kishawishi kile kile. Hapa ndipo ninapoachana kabisa na wenye kanuni ya imani: wao wanaona mtu mbaya, mimi naona mahali pabaya ambapo hata mtu mwema akikalishwa ataharibika.

Majaribio tunayo, hatuhitaji kubashiri. Twiga Foods ilianzishwa Nairobi mwaka 2014 kwa wazo hilo hasa la kumpita dalali. Ilianza na ndizi, ikichukua kwa mkulima na kumpelekea mwenye kibanda aliyeagiza kwa simu, na wawekezaji wakamimina mamilioni ya dola. Punde ikadhihirika kwamba programu ya simu ilikuwa sehemu rahisi kuliko zote. Kampuni ilihitaji maghala, malori, vyumba vya kuivishia ndizi, watu wa kuchambua na watu wa kudai. Ikaongeza bidhaa za viwandani kwenye mzigo wake, na baadaye ikaingia hata kwenye kulima yenyewe. Kufikia 2023 ilikuwa imepunguza mamia ya wafanyakazi na kulazimika kujipanga upya. Waliijaribu kazi hiyo kwa dhati, na walichokifunua kina thamani kwetu sote: kile tulichokuwa tukikiita unyonyaji mtupu, sehemu yake kubwa ni gharama halisi, na mwenye fedha nyingi na teknolojia nzuri naye huilipa.

Mpinzani wangu ana ushahidi mmoja mzito, na haki yake ni kujibiwa. Mchumi Robert Jensen, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, alifuatilia wavuvi wa Kerala, India, wakati simu za mkononi zilipokuwa zikiingia pwani yao kuanzia 1997. Kabla ya simu, samaki walikuwa wakitupwa katika ufuo mmoja huku wanunuzi wa ufuo wa jirani wakirudi mikono mitupu. Baada ya simu, bei za fuo mbalimbali zilikaribiana, samaki wa kutupwa wakaisha, faida ya mvuvi ikapanda na bei ya mlaji ikashuka. Sina ubishi na matokeo hayo. Lakini tuangalie simu ilimkuta nani, na akiwa na nini. Mvuvi alikuwa tayari baharini, ndani ya chombo chenye injini, samaki wakiwa miguuni pake. Akisikia bei nzuri ufuo wa pili, aligeuza usukani. Na huko ufuoni alikokwenda, wanunuzi wa kati walikuwa wakimngoja, maana hakuna aliyewaondoa. Mkulima wa Kinangop akiambiwa na simu kwamba bei ya Mombasa ni maradufu, ageuze nini? Habari ya bei humfaa mwenye uwezo wa kwenda mahali pengine au wa kungoja. Kwa asiye na lori wala ghala, inamwambia tu kiasi anachopunjwa.

Njia ya pili ya kumwondoa mfanyabiashara wa kati ni kuiweka serikali mahali pake, na hiyo nayo tumeiona. Novemba 2018, baada ya wanunuzi binafsi kutoa bei za korosho ambazo Rais John Magufuli aliziona ni za kumkandamiza mkulima, serikali ya Tanzania iliamua kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kuzisomba. Bei ilikuwa nzuri na nia yake ilieleweka kwa kila mkazi wa Mtwara na Lindi. Ugumu ulikuja kwenye kazi za katikati: kuhakiki nani anauza zake na nani anauza za kangomba, kuhifadhi, kutafuta mnunuzi wa nje, na kulipa. Malipo yalichelewa kwa miezi, na wapo waliokaribia msimu uliofuata wakiwa bado wanadai. Na kangomba yenyewe, ile biashara ya kununua korosho mapema kwa bei ya kutupa, ilizaliwa na uhaba wa fedha wa miezi ya kabla ya mavuno. Bei ya Novemba, hata iwe nzuri vipi, haimlishi mtu mwezi wa Juni.

Watasema basi jibu ni ushirika, na hapo ninakubaliana nao zaidi ya wanavyodhani. Ushirika wa wafugaji wa Githunguri, kaunti ya Kiambu, ulianza mwaka 1961 ukiwa na wanachama wachache, na leo una kiwanda chake kinachotoa maziwa ya Fresha. Unatajwa kila mara kama mfano wa wakulima waliojikomboa kutoka kwa watu wa kati. Tazama unafanya nini, hata hivyo. Unakusanya maziwa vijijini kila siku, unayapima ubora, unayapoza, unayasafirisha, unayasindika, unamkopesha mwanachama chakula cha ng'ombe na kumkata mwisho wa mwezi, na una duka ambalo mfugaji huchukua mahitaji kabla hajalipwa. Hiyo ni kazi ya kati tupu, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Githunguri hawakuiondoa nafasi ya dalali. Waliinunua, wakaiweka mizani, daftari na mkutano mkuu wa wanachama. Mafanikio hayo yalichukua miongo, yalihitaji mameneja wanaolipwa vizuri, na yalikuwa na bahati ya maziwa: bidhaa inayoleta fedha mwezi kwa mwezi, si mara mbili kwa mwaka kama viazi. Kuwaambia wakulima wa viazi waunde ushirika bila kuwapa ghala wala mtaji wa kumlipa mwanachama siku anayoleta gunia ni kuwapa katiba na mhuri tu. Mwanachama atakayekuja kuomba fedha ya dharura na kuambiwa angoje, atatoka ofisini na kumpigia dalali.

Suala la malipo linastahili kukaliwa zaidi, kwa sababu ndilo linalofichwa na kaulimbiu ya kuwaunganisha moja kwa moja. Mnunuzi mkubwa wa kisasa, awe supamaketi, hoteli ya kitalii au shule ya bweni, hulipa baada ya siku 30, 60 au 90. Dalali hulipa leo, au hukopesha kabla ya mavuno. Maporomoko ya Nakumatt, ambayo wadai wake walipiga kura Januari 2020 ya kuivunja, yaliwaachia wauzaji madeni ya mabilioni ya shilingi, na wauzaji wadogo walioumia humo walikuwa wameunganishwa moja kwa moja na mnunuzi, kama tunavyohimizwa. Kenya iliirekebisha Sheria ya Ushindani mwaka 2019 ili kuwadhibiti wanunuzi wakubwa wanaotumia nguvu zao vibaya, na hilo lilikuwa jambo jema. Lakini mnunuzi ambaye angeweza kufanya zaidi kuliko wote kwa chakula cha nyumbani ni serikali yenyewe, kupitia hospitali, magereza na shule zake. Na ni magavana wale wale wanaohutubia kuhusu kununua mazao ya wakulima wetu ambao kaunti zao zina malimbikizo ya madeni ya miaka kwa watu waliowauzia bidhaa. Mkulima hawezi kumkopesha gavana. Kwa hiyo zabuni ya hospitali inachukuliwa na mtu mwenye mtaji wa kungoja, naye anakwenda kununua wapi? Kwa dalali.

Pingamizi lililobaki ndilo gumu kuliko yote, na sitalipunguza uzito. Madalali wa masoko makubwa hawashindani. Wanapatana bei, na mkulima anayethubutu kuleta lori lake mwenyewe anaweza kulala nalo hadi viazi viharibike kwa sababu hakuna anayeruhusiwa kumpakulia. Hii ni kweli, na ni uhalifu wa kiuchumi. Unatibiwa vipi? Mshauri mwenye haraka atasema tuwafukuze, kama ilivyowahi kutangazwa mara nyingi, na kila mara nafasi zao zimechukuliwa na wengine waliojifunza mbinu zile zile. Kinachovunja mapatano ya siri ni kuufanya mlango wa soko kuwa wa wote: dalali ajulikane kwa jina na awe na leseni inayoweza kunyang'anywa, eneo la kupakulia ligawiwe kwa zamu ya kufika, si kwa kujuana, kamisheni iandikwe kwenye risiti ili mkulima aone bei aliyouziwa na alichokatwa. Dalali anayefanya kazi ya haki hana cha kuogopa katika hayo, na wapo wengi. Wengine wao, ukiwauliza kwa nini wanabeba magunia ya vilemba, wana jibu linalofahamika kwa yeyote anayeijua biashara: anayepima kwa kilo peke yake anashindwa bei na asiyepima, mchuuzi wa Marikiti anaenda kwa jirani yake mwenye gunia kubwa, na mwaka haumaliziki kabla hajafunga kazi.

Ndiyo maana utekelezaji wa kilo 50 umekuwa ukikwama pale unapoanzia. Kaunti moja ikikaza, malori yanahamia kaunti ya pili, na wakulima wa ile ya kwanza ndio wanaokuja kuilalamikia serikali yao kwa kuwafukuzia wanunuzi. Askari hawezi kusimama kwenye kila shamba la ekari moja kutoka Kinangop hadi Elgeyo. Lakini malori hayo yote yanaelekea kwenye masoko machache: Nairobi, Mombasa, Nakuru, Kisumu, Eldoret. Mizani iwekwe kwenye malango ya masoko hayo, siku moja, bila kuchagua kaunti ya mtu, na gunia lililozidi kipimo lifunguliwe na kufungashwa upya kwa gharama ya aliyelileta. Kanuni tayari zipo kwenye vitabu tangu 2019. Fedha za mizani hiyo ni ndogo kuliko zile zinazotumika kila mwaka kwenye makongamano ya kumuunganisha mkulima na soko, na kazi ya kuifunga inaweza kumalizika kabla viazi vya Julai havijaanza kuchimbwa.